Paa Moja Sawa, Banda Moja Hapana

Nyuma ya nyumba nyingi za Kampala, kwenye ule ukanda mwembamba kati ya ukuta wa jikoni na ua wa jirani, utakuta banda la mbao za kuokoteza, waya wa kuku na kipande cha bati kilichowahi kuwa paa la kitu kingine. Lilijengwa kwa ajili ya sungura. Kisha siku moja mtoto akaja na simbilisi wawili ndani ya boksi la viatu, na kwa kuwa nao wanakula majani, wana manyoya na wanatafuna kutwa, wakatiwa humo humo. Mlango mmoja, sahani moja, chupa moja ya maji. Mjadala huu ni wa hao: wakae pamoja au wasikae? Watakaosema ni watatu, nami siwapi majina kwa sababu mjini hapa wako wengi wa kila aina: mama mwenye banda, daktari wa mifugo ambaye huku kila mtu humwita Musawo, na mwenye nyumba za kupangisha. Mimi nimekaa katikati yao, lakini msomaji asidanganywe na kiti hicho, maana upande nimeshauchagua. Nyumba moja, ndiyo. Banda moja, hapana.

Mama anaanza, na hoja yake si ya kupuuzwa. “Musawo, hawa wako pamoja tangu Krismasi na sijaona tone la damu. Usiku nikimulika tochi nawakuta wamebanana kona moja, sungura huyu, simbilisi yule, kama watoto wa kitanda kimoja. Ninyi mliosoma mnaona ugonjwa kila mahali. Mimi naona amani.”

Amani hiyo tuisogelee kidogo. Sungura na simbilisi wote ni kitoweo cha wengine, na mnyama wa namna hiyo hatangazi maumivu yake, kwa sababu anayetangaza ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo kukosekana kwa damu si ushahidi kwamba hakuna anayeonewa. Simbilisi akiogopa huganda. Hakimbii, halii, hata masikio hayachezi, na anayechungulia atasema ametulia. Kule kubanana nako huenda kuna maana nyepesi zaidi: katika banda ambalo mvua ya Kampala huingia kwa ubavuni, kona kavu ni moja tu. Halafu kuna uzito. Sungura mkubwa wa kufugwa hufika kilo 3 au 4, na simbilisi aliyeshiba ana kama kilo 1. Nguvu za sungura ziko miguu ya nyuma. Bodaboda ikipasua kelele saa saba za usiku akashtuka, si lazima awe na chuki na yeyote ndipo teke lake livunje mbavu za mwenzake.

Na hata pasipo teke, hawaelewani. Simbilisi ni mnyama wa sauti. Akisikia mfuko wa kaveera ukichakarika jikoni hupiga mluzi mkali wa kuomba majani, akiridhika hukoroma kwa ndani, akikasirika hugonganisha meno. Sungura ni karibu bubu: husema kwa masikio, kwa namna anavyolala, na kwa kupiga chini mguu wa nyuma akihisi hatari. Sungura anayetaka kulambwa huinamisha kichwa mbele ya mwenzake na kusubiri. Kwa sungura mwingine hilo ni ombi. Kwa simbilisi ni kichwa kikubwa kilichomziba njia. Dume la sungura lisilo na jike nalo hupanda chochote kilicho karibu, na kilicho karibu humo bandani ni simbilisi. Katika hadithi za Kiganda Wakayima, yaani sungura, ni mjanja, tena ujanja wake huwaumbua wakubwa kuliko yeye. Huyu wa bandani hana haja ya ujanja, kwa kuwa safari hii mkubwa ni yeye.

“Nnyabo, teke nitaliona na nitalitibu,” Musawo anajibu. “Ninachokiogopa mimi hakionekani.” Anakusudia bakteria waitwao Bordetella bronchiseptica, ndugu wa wale wanaowaletea watoto wetu kifaduro. Sungura wengi hukaa nao puani na kooni maisha yao yote bila kukohoa. Manyoya yanang’aa, hamu ya kula ipo, soko lipo. Wakimfikia simbilisi kwa chafya, kwa chupa ya maji au kwa mkono wa anayewalisha, mara nyingi hugeuka kuwa nimonia, na simbilisi mwenye nimonia anaweza kufa kabla mwenyewe hajajua kwamba anaumwa. Hii ndiyo sababu wanaotunza wanyama wa maabara huwatenga, kila jamii na chumba chake. Hawaogopi ugomvi. Wanaogopa pua.

Kwamba maradhi huruka kutoka mnyama mmoja kwenda kwa jirani yake wa aina nyingine pale tu mtu anapowakutanisha, dunia ililiona waziwazi mwaka 2003. Mwezi wa Aprili mwaka huo shehena ya wanyama wadogo wa porini ilitoka Ghana ikafika Texas, na humo mlikuwamo panya buku, jamaa wa hao wanaofundishwa na shirika la APOPO kule Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Baadhi yao waliishia kwa muuzaji wa Illinois, wakawekwa karibu na wanyama wa Marekani wanaofanana na kuchakulo, wanaochimba mashimo nyikani na ambao watu walikuwa wakiwanunua kwa kufuga ndani. Watu 47 katika majimbo 6 wakaugua mpox au kushukiwa kuwa nayo. Hakuna aliyekufa, lakini angalia njia: waliougua walikuwa wamegusana na hao jamaa wa kuchakulo, si na panya buku. Virusi vilipata daraja, na daraja lilijengwa na mtu aliyedhani wanyama wadogo wote ni mamoja. (Msomaji wa Kampala aliyepitia mlipuko ulioanza 2024 asichanganye mambo, huu wetu ulienea kutoka mtu kwenda kwa mtu.) Sisemi sungura wa nyuma ya jikoni ataleta mpox. Nasema kanuni ni ile ile, na kwa sungura na simbilisi kanuni hiyo ina jina la bakteria wanaojulikana.

“Lakini wangu hawajafa,” mama anasema. Kweli, na huenda wasife mwaka huu. Tatizo la ushahidi wa namna hii ni kwamba wanaotoa ushahidi ni waliobaki. Simbilisi akikutwa amelala chali asubuhi ya Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto, nyumba nzima husema ameuawa na baridi, mtoto analia, anafukiwa chini ya mgomba, habari inakwisha. Hakuna anayembeba mzoga wa gramu mia nane hadi Makerere, kwenye chuo cha udaktari wa mifugo, apasuliwe mapafu. Basi baridi inalaumiwa kwa makosa yake na ya wengine. Hapa lakini haki itendeke kwa sungura pia: simbilisi wengine huwa tayari wanao bakteria hao tangu kwa mama zao, na si kila kifo ni cha kumbandika jirani. Hoja yangu haihitaji sungura awe muuaji kila mara. Inatosha kwamba kumtenga ni rahisi na kumtibu simbilisi ni kugumu. Dawa za jamii ya penisilini, ambazo duka lolote la dawa mtaani linazo, zikipita mdomoni huweza kumuua kwa kuharibu tumbo lake kabla hazijamaliza kifua.

Tukija kwenye sahani, mjadala unakuwa mtamu, kwa sababu hapa historia ya tiba yenyewe ilipita. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich, katika mji wa Norwe ambao leo ni Oslo, walikuwa wakichunguza ugonjwa uliowasumbua mabaharia. Holst alikuwa amewalisha njiwa nafaka, na njiwa hawakuonyesha alichokitafuta. Wakawapa simbilisi chakula cha namna ile ile cha nafaka na mikate, na simbilisi wakapata kiseyeye: fizi zikavuja damu, viungo vikavimba, mifupa ikadhoofika. Wakiongezewa mboga mbichi hawakupata. Ilikuwa bahati ya ajabu, kwa sababu wanyama karibu wote hujitengenezea vitamini C mwilini na hivyo hawawezi kupata kiseyeye. Simbilisi hawezi kujitengenezea, kama wewe na mimi. Sungura anaweza. Wanyama wawili wanakula kutoka sahani moja, nyasi kavu zile zile, pumba zile zile za mahindi, na baada ya wiki kadhaa mmoja ananenepa na mwingine anachechemea, na mwenye banda anasema huyu wa pili ni mvivu.

“Basi nitawapa wote mapera,” anasema mama, na anacheka, kwa kuwa pera analo mlangoni. Hesabu iko upande wake. Simbilisi anahitaji kama miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa siku. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200. Kipande cha gramu 10, kisichozidi ncha ya kidole gumba, kinampa simbilisi riziki yake ya siku nzima, tena bila kununua matone ya dukani ambayo yakitiwa kwenye maji huharibika upesi. Majani ya doodo, yaani mchicha, yanasaidia. Kasoro si pera, ni sahani. Weka vipande viwili vya pera katika banda la pamoja uhesabu ni nani anayefika kwanza. Sungura, ambaye hana haja navyo na ambaye tumbo lake halipendi sukari nyingi, atakuwa amemaliza vyote viwili wakati simbilisi bado ananyoosha shingo kutoka mafichoni. Majani ya porini kama kafumbe na ssere, pamoja na majani ya viazi vitamu, yanaweza kugawanywa kwa wote. Kilicho cha lazima kwa mmoja na cha anasa kwa mwingine hakigawanyiki ila kwa ukuta.

Chini ya miguu hali ni hiyo hiyo, na hapa fundi yeyote aliyewahi kupigilia banda ataelewa haraka kuliko wasomi. Banda la sungura wengi huwa na sakafu ya waya ili mavi yadondoke na mkojo upite. Sungura mwenye nyayo zilizojaa manyoya hustahimili, ingawa naye angefurahi kupata ubao wa kupumzikia. Nyayo za simbilisi hazina manyoya, na vidole vyake ni vyembamba kama njiti. Hupita kwenye tundu la waya, akishtuka anavuta, na mguu unavunjika; usipovunjika, nyayo huota vidonda vya kusuguliwa. Anahitaji ubao na nyasi kavu. Ukiweka ubao kwa ajili yake, mkojo wa sungura unatuama juu yake na kila mtu anakaa kwenye unyevu. Hakuna sakafu inayowafaa wote wawili sawasawa. Hoja hii peke yake, bila bakteria na bila Oslo, ingenitosha.

Mwenye nyumba alikuwa kimya hadi sasa. “Nnyabo, mimi sina tabu na wanyama wako. Nina tabu na panya.” Na mama anamrukia, kwa kuwa ana jibu lililozagaa Afrika Mashariki: simbilisi ndani ya nyumba hufukuza panya, wengine husema hata nyoka, kwa harufu au kwa mluzi wake. Natamani ingekuwa kweli, ingewapunguzia wengi gharama ya sumu. Lakini simbilisi hawindi, hang’ati ila akibanwa, na hana silaha ambayo panya wa darini angeijali. Anacholeta ni pumba usiku kucha, maji na nyasi za kujengea kiota. Panya huja kwa ajili ya hivyo. Akishafika humkuta sungura jike aliyezaa, maana mimba ya sungura huchukua siku 31 na watoto huzaliwa uchi, vipofu, wasioweza kukimbia. Watoto wa simbilisi hukaa tumboni zaidi ya miezi miwili na hutoka wakiwa na manyoya na macho wazi; nao si salama, lakini angalau wanaona kinachokuja. Panya pia huacha mkojo wenye bakteria wa leptospira kwenye sahani, na katika nchi ambayo Arua na Zombo zimewahi kuzika watu kwa tauni iletwayo na viroboto wa panya, mwenye nyumba hahitaji kuambiwa kwamba ana wasiwasi wa bure. Ana haki. Ila dawa yake ni pumba kuwekwa ndani ya ndoo yenye mfuniko na sahani kuondolewa jioni. Kuwatimua simbilisi wakati gunia la pumba linabaki wazi ni kumfukuza mgeni na kumwachia mwizi ufunguo. Tena ufugaji mjini si jambo la kufichaficha: mwaka 2006 Baraza la Jiji lilitunga sheria ndogo za kilimo cha mjini, moja ikihusu mifugo na wanyama wa nyumbani, na mamlaka ya jiji ya leo ina kituo chake cha kilimo pale Kyanja. Ufugaji unakubalika kwa masharti, na usafi ni sharti la kwanza ambalo mwenye nyumba anaweza kulidai bila kugomba.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la fedha, na silisikii likijibiwa vizuri na madaktari. Mbao ni ghali, waya ni ghali, ua ni mdogo. Kumwambia mtu “jenga banda la pili” ni rahisi kwa asiyenunua misumari. Lakini ukuta si banda la pili. Banda lile lile likikatwa kwa ubao mzima usio na tundu, upande wa simbilisi ukapata sakafu ya mbao na nyasi, upande wa sungura ukabaki na waya, kila upande na chupa yake na mlango wake, kazi imekwisha kwa ubao mmoja na nusu siku. Nasema ubao mzima kwa makusudi, kwa kuwa waya unazuia teke lakini hauzuii chafya. Ukiamua kwenda juu badala ya pembeni, mpe sungura ghorofa ya chini. Ukimweka juu, bati la kupitishia mkojo chini yake lazima liinamishwe lielekee nje, na fundi akilikosea kidogo tu simbilisi anaoga. Asubuhi lisha simbilisi kwanza, kisha sungura, kisha nawa. Mpangilio huo haugharimu shilingi.

Hapa Musawo ananigeuka. “Ubao wako si chumba. Hewa ni ile ile. Ukitaka usalama, mmoja awe nyumba hii na mwingine nyumba ile.” Kwa kipimo cha maabara amesema kweli, na sitajifanya ubao unafuta hatari. Unaipunguza. Maabara hutafuta sifuri kwa sababu simbilisi mmoja mgonjwa huharibu jaribio zima. Familia inatafuta maisha yanayostahimilika kwa wanyama wanaopendwa na watoto. Ni tofauti hiyo hiyo inayozuka Ulaya na Marekani wanapobishania panya wa kufugwa na chinchila. Chinchila, jamaa wa mbali wa simbilisi kutoka milima ya Andes, huoga vumbi na hushindwa na joto. Panya ana mapafu dhaifu ambayo vumbi hilo huyachokoza, na anaweza kumng’ata mwenzake. Wanaoishi nao vizuri chini ya paa moja ni wale waliowapa vyumba tofauti, wala hawakutarajia urafiki. Musawo anachokosa ni kipimo cha nyumba, na kipimo hicho si kimoja kwa Kampala nzima.

Ndipo tufike kwenye mzigo, kile chumba kimoja cha kupanga kilichogawanywa kwa pazia, kitanda huku, jiko la sigiri mlangoni. Humo simwungi mkono mama wala sijiungi mkono mwenyewe. Humo Musawo ameshinda. Hakuna ubao unaotenganisha hewa ya mita tatu kwa tatu, na wanaovuta hewa hiyo ni pamoja na mtoto mchanga. Chagua jamii moja. Mimi ningechagua simbilisi, majike wawili: hawahitaji mbio za sungura, mkojo wao si mkali kiasi kile, wanatosha kwenye boksi pana chini ya meza, na ganda la pera linawapendeza. Nasema wawili kwa sababu ipo hoja ambayo mama angeweza kuitoa, ile ya upweke, nayo ni ya kweli kabisa, ingawa kazi ya kuuondoa amempa asiyestahili. Uswisi tangu 2008 sheria yao hairuhusu simbilisi kufugwa peke yake, lakini mwenza anayetakiwa ni simbilisi mwingine. Sungura hajawahi kuwa jibu la swali hilo.

“Na mimi niliyekwisha wazoea wote wawili?” anauliza mama, taratibu safari hii. Basi mwenye ua achukue ubao, na mwenye mzigo amtafutie sungura ndugu au jirani mwenye ua, ampeleke wakati wa ubaridi, na ile chupa ya maji waliyokuwa wakiinywa pamoja iondoke naye.